Jina Lililofutwa kwa Raba

Kilichoanza ni harufu ya raba. Muuza katuni za zamani aliinusa asubuhi alipofungua duka lake, ambalo ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Ilikuwa harufu ya raba iliyosuguliwa mpaka ikapata moto. Juu ya meza aliyoipangusa jana kwa mkono wake zilitapakaa chembechembe nyeusi.

"Kasuku!"

Binti yake wa pekee akatokea na mswaki mdomoni. Bibi yake ndiye aliyempachika jina hilo, na sasa hata walimu walimwita hivyo, kwa sababu hakujua kunyamaza. Akila anaongea, akilala anaongea.

"Umechezea raba yangu?"

"Mimi? Nitaifanyia nini baba, niipake kwenye mkate? Tena jana nilishinda kwa shangazi, muulize mama, na shangazi amesema..."

"Basi, basi. Yaishe."

Akacheka. Alikuwa na furaha, maana mjane wa mwalimu mmoja alikuwa amemuuzia boksi la katuni, na ndani yake akakuta toleo la kwanza ambalo wakusanyaji walilitafuta hadi wakakata tamaa. Mgongo haukuwa na mkunjo, pini hazikuwa na kutu, rangi ziling'aa. Kasoro ilikuwa moja: ndani ya jalada, mtoto fulani wa zamani alikuwa ameandika jina lake kwa penseli.

Katika biashara hii jina lina mambo yake. Kitabu kikipita mikononi mwa mtu maarufu, jina lake hukipandisha thamani. La mtoto asiyejulikana huhesabiwa uchafu. Mjane alimwambia, "Kiuze kama kilivyo, mwanangu. Marehemu hakutaka kiguswe." Akaitikia ndiyo mama, lakini jana alipofika nyumbani akachukua raba. Alisugua kwa ustadi, wala hakulisoma. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi hiyo akakitoa kitabu kwenye mfuko wake wa plastiki akionyeshe jua. Pale alipofuta palikuwa pameandikwa kwa penseli: KASUKU.

Alikasirika, akalifuta. Alipomwita mtoto amkaripie, sauti iliyomjibu ilikuwa ya kukwaruza.

"Sijaandika, baba."

"Mafua hayo," mama yake akasema, akampa maji ya moto.

Kesho yake jina lilikuwa limerudi, limekandamizwa kwa nguvu zaidi. Mnunuzi wa kitabu hicho alikuwa njiani. Muuza katuni akashika raba, akaanza kusugua, na huko jikoni Kasuku alikuwa akiimba kwa kile kisauti chake kilichokwaruza, na yeye akasugua, na wimbo ukafifia kama redio inayoisha betri, na yeye akasugua herufi ya mwisho akidhani mtoto ametoka uani, mpaka jina likaisha na wimbo ukaisha, na mkewe akapiga ukelele.

Daktari hakuona ugonjwa kooni. Mtoto alifungua mdomo, akafunga, akalia machozi yasiyo na sauti.

Wakaenda kwa mjane. Alipoona kitabu hakukigusa.

"Umelifuta?" akanong'ona.

"Nilidhani uchafu, mama."

"Humu mna jini. Mume wangu alisema halina ubaya maadamu lina mwenyewe. Yule mtoto alilipa jina lake, likatulia. Sasa limekosa mwenyewe, linajitafutia." Akainama karibu. "Lirudishe jina lile lile, litamwachia mwanao. Lilikuwa jina gani?"

Muuza katuni akapatazama palipofutwa. Mkewe akamtazama yeye.

"Sikulisoma," akasema.

"Hata herufi moja?" mkewe akauliza.

"Hata moja."

Mjane akajifunika uso kwa khanga. Yeye mwenyewe hakujua kusoma.

Waliporudi muuza katuni aliandika palipofutwa jina lake yeye, kwa kalamu ya wino, akiomba lichukuliwe badala ya la mwanawe. Akafunga kitabu, akakifungia ndani ya boksi, na wote watatu wakasikia humo ndani raba ikisugua, polepole, bila haraka, kama mtu anayeijua kazi. Alipofungua, ukurasa ulikuwa mweupe kabisa. Akakifunua kitabu chote. Katika viputo vya maneno, juu ya vichwa vya wahusika, hadithi ya zamani haikuwepo; mahali pake pameandikwa:

"Baba, ukifunga humu kunakuwa giza. Baba, kuna mtu hapa ananisikiliza tu, hasemi, nimemsimulia habari za shangazi lakini hacheki. Mama, mama, umesahau kunisuka..."

Ukurasa hadi ukurasa, bila kunyamaza.

Mnunuzi aliambiwa kitabu hakiuzwi.

Karatasi ya zamani haipendi kufunguliwa, na muuza katuni analijua hilo, ndiyo kazi yake. Kila akikifungua mgongo unapata mkunjo mpya, pini zinalegea, kingo zinamomonyoka. Kila siku anaapa hatakigusa. Kisha binti yake anakuja, anakaa mbele yake mdomo umefumba, anaiangalia mikono yake, naye anakifungua wasome pamoja.

Jana kona ya ukurasa ilivunjika, ikageuka unga mezani. Ilikuwa na neno "mama." Walilitafuta neno hilo kitabu kizima, na halimo tena popote.