Mkaa Chini ya Kitanda

Kwetu mwanamke akijifungua hulazwa kwenye kitanda cha mianzi, na jiko la mkaa huwekwa chini yake. Mama zetu walifanyiwa hivyo. Husemwa kwamba mzazi asiyepashwa moto ataumwa viungo uzeeni.

Bi Nhan alimfanyia hivyo mkwewe, Thoa, kwa mapenzi yote. Mwanawe, mume wa Thoa, alikuwa mbali kiwandani, na nyumbani walibaki wanawake hao wawili na kichanga. Baridi ilikuwa kali. Nyumba yao mpya ilikuwa ya matofali, yenye madirisha ya vioo. Bi Nhan aliwasha mkaa uani, akangoja moshi uishe, ndipo akaliingiza jiko chumbani. Kisha akafunga madirisha na kuziba nyufa za mlango kwa matambara.

Asubuhi Thoa alisema kichwa kinamgonga, akatapika. Bi Nhan akaona ni upepo umemwingia. Akampaka mafuta mgongoni, akamkwarua ngozi kwa sarafu ili upepo utoke, kama tufanyavyo, akaongeza mkaa. Thoa akasema miguu haina nguvu. Mkaa ukaongezwa tena. Jamani, mapenzi nayo! Kadiri alivyomhurumia, ndivyo alivyozidi kumdhuru, wala hakujua.

Mchana akaja Luu, mkunga wa zahanati, kumtazama mtoto. Alimkuta Bi Nhan uani akiteka maji.

"Wamelala," Bi Nhan alisema. "Mtoto hajalia tangu asubuhi. Usifungue, utawaingizia upepo."

Luu alishtuka. Kichanga gani hukaa mchana kutwa bila kulilia ziwa? Akauliza kama kuna jiko ndani.

"Lipo, ila halina moshi. Mimi si mjinga, mwanangu." Bi Nhan akasimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Mama, wewe ukiingia humo, kichwa kinakuuma?"

"Kinaniuma."

"Na ukitoka huku nje?"

Bi Nhan akakumbuka. Kila alipotoka, kilikuwa kinaacha. Ndoo ikamponyoka. Ni yeye mwenyewe aliyeusukuma mlango kwa bega.

Walimburuta Thoa hadi uani, amelegea, haitiki. Luu alimtoa mtoto, akamfunika kwa koti lake. Bi Nhan alipiga magoti kwenye matope akimwita mkwewe. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia kilio chembamba. Thoa akafumbua macho.

Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali, wakawekewa hewa safi ya kupumua. Huko Luu alieleza kwamba mkaa hutoa hewa ya sumu hata moshi ukiisha. Haionekani wala hainuki. Katika chumba kilichofungwa hujaa, na mtu huumwa kichwa, hutapika, huishiwa nguvu, kisha hulala asiamke. Mkiona dalili hizo, akasema, tokeni nje upesi, mwende hospitali.

"Mbona mama zetu hawakufa?" Bi Nhan aliuliza, machozi yakimtiririka.

"Nyumba zao zilikuwa za mianzi, mama, zikipitisha hewa. Na hata hivyo, wako waliokufa. Tulisema ni upepo."

Bi Nhan akauliza sasa ampashe moto kwa kitu gani. Luu akamfundisha kukaanga chumvi jikoni, kuifunga kwenye kitambaa kizito cha kumkandia, na kuijaribu kwanza mkononi isije ikamuunguza mzazi. Kwa mtoto, nguo za joto na kifua cha mama vinatosha.

Mtoto alipotimiza mwezi tulikwenda kula karamu. Thoa alikaa katikati yetu, mashavu yamejaa, mtoto ananyonya. Shangazi mmoja, meno yakimgongana, akaingia amebeba jiko. Akasema halina moshi hata kidogo.

Bi Nhan alilipokea kwa adabu, akalirudisha uani.

"Shangazi," alisema, "anayeona baridi avae koti. Au akakae na jiko lake huko huko nje."