Moto Tuliouzima Kabla ya Safari

Kazi niliyopewa jioni ile ilikuwa ndogo. Kuzima moto wa sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, kuyafungulia maji yaliyobaki kwenye bomba ili yasigande na kulipasua, kufunga mlango, kisha kurudi ndani kula. Alfajiri tulikuwa tunaondoka.

Nitasimulia kwa utaratibu. Utaratibu ndicho kitu pekee nilichobaki nacho katika jambo hili.

Safari yenyewe mke wangu Marlys alikuwa ameipanga tangu majani yalipoanza kupukutika. Tungetoka kwetu, kaskazini kabisa mwa Michigan, ambako theluji hufika madirishani kabla ya Krismasi, tuteremke kwa gari mpaka Florida, kwenye ile bustani kubwa ya bembea ambayo watoto wote wa shule ya binti yetu walikuwa wamekwisha kuiona isipokuwa yeye. Binti yetu ni Tekla. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Kila jioni Marlys alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni na kukisogeza kidole chake kusini: hapa tutalala, hapa tutakula, hapa theluji itakuwa imekwisha. Tekla alikipandisha kidole chake juu ya kile cha mama yake, akanguruma kama injini.

Kila kitu kilikuwa tayari garini. Koleo, mchanga wa kutia chini ya magurudumu, mablanketi, na mshumaa ndani ya kopo wa kujipasha moto endapo tungekwama njiani. Waya wa umeme wa kupashia injini moto ulikuwa umechomekwa. Lilibaki bomba la sauna tu.

Sauna yetu iko nyuma ya nyumba. Babu yangu aliijenga kwa magogo kabla hajajenga mahali pa kulala, kama walivyofanya Wafini wote waliohamia huku. Jioni ile tulioga sote watatu. Marlys alitoka kwanza akafungashe chakula. Tekla alimfuata, amevaa buti na taulo, akikimbia kwenye theluji huku akicheka. Nikatia komeo nyuma yake ili baridi isiingie.

Kwetu, anayetoka mwisho huacha makaa kwenye jiko na maji kidogo kwenye ndoo, kata ikiwa ndani yake. Mvuke wa mwisho si wetu. Ni wa Mwenyeji. Hakuna aliyewahi kunieleza Mwenyeji ni nani. Niliambiwa tu nisichungulie.

Mimi hufundisha kemia. Niliitazama ndoo, nikalifikiria bomba, nikayamwaga maji yote juu ya makaa.

Yalilia. Mvuke ukajaa, taa ikafifia, nisiuone hata mkono wangu.

Kisha ikaja harufu... Haikuwa ya moshi. Ilikuwa ya majivu mabichi na sufu iliyolowa, kama koti la mtu aliyetembea muda mrefu kwenye theluji.

Ubao wa benchi la juu ukalalama.

"Tunaondoka?" mtu akanong'ona.

"Tunaondoka," nikajibu, nikidhani ni Tekla amerudi. "Nenda kavae, utaugua."

Mvuke ulipotulia sikuona mtu. Nililitazama komeo. Lilikuwa kama nilivyolitia.

Nikalifungua, nikatoka. Sikukimbia. Bomba nilikuwa nimelisahau.

Jikoni, birika lilikuwa likiimba juu ya jiko. Marlys alikuwa amenipa mgongo, akizifunga pai za nyama za kula njiani. Tekla alikuwa kando ya jiko, amekwisha kuvaa nguo za kulalia.

"Marlys, kuna kitu..."

"Usiniambie bomba limepasuka."

"Hapana."

"Basi kaa ule. Tekla, ondoka hapo kwenye jiko, mwanangu."

Tekla hakuondoka. Birika likaacha kuimba.

Nikageuka. Kiganja cha mtoto kilikuwa kimelala juu ya birika. Chote.

Marlys alipiga ukelele, akamvuta, akaukimbiza mkono kwenye maji ya bomba. Hapakuwa na lengelenge. Hapakuwa hata na wekundu. Kiganja kilikuwa cheupe kama nta. Nililigusa birika kwa kidole, halafu kwa mkono mzima. Lilikuwa baridi, na moto bado ukiwaka chini yake.

"Hujaumia?" Marlys alimuuliza. "Niangalie. Hujaumia?"

"Sisikii kitu," Tekla alisema. "Amesema nimshikie."

"Nani?"

"Yule wa juu." Akapiga miayo. "Mama, na miguu yangu ina ganzi."

Tulimkalisha kwenye kiti tukamvua soksi. Miguu ilikuwa na weupe uleule. Marlys aliisugua, akaipulizia pumzi, akaifunga kwa taulo alilolipasha juu ya jiko. Taulo nalo likapoa mikononi mwake. Hakulia. Alinyoosha mkono bila kunitazama.

"Funguo. Tunampeleka hospitali."

Gari halikuwaka. Waya ulikuwa na umeme, taa yake ndogo ilionekana, lakini nilipofungua boneti, injini ilikuwa imefunikwa ukungu mweupe wa barafu.

Nikiwa bado nimeinama hapo, gari la dada yangu Helmi likaingia uani. Alikuja kuchukua funguo za nyumba, maana yeye ndiye angetuangalizia.

"Msafiri!" akapaza sauti kabla hajashuka. "Siku tatu barabarani mkapande bembea? Njooni kwangu niwatie kwenye toroli la kuni niwasukume, bure kabisa! Na wewe Daktari wa Chupa, unaangalia nini humo? Umeona uchawi?"

Nilifunga boneti. Aliingia jikoni mbele yangu, na kicheko chake kikakatika mlangoni.

"Ana nini?"

"Ganzi," Marlys alisema. "Ilikuwa kwenye vifundo. Sasa imefika magotini."

Helmi alipiga magoti, akamfinya Tekla kwenye shavu la mguu kwa nguvu. Mtoto alimtazama shangazi yake kwa upole, kama mtu anayetazama watu kupitia dirishani.

"Shangazi, unafanya nini?"

Helmi akasimama. Alinivuta mpaka ukumbini.

"Reino. Sauna umeiachaje?"

"Nimeizima. Tunasafiri."

"Umeizima na nini?"

"Maji."

"Maji yapi?"

"Ya ndoo. Yote."

"Mjinga wa kusoma wewe," akanong'ona. "Nenda kaiwashe. Sisi tunamtia garini mwangu, bado lina moto. Tufanye yote mawili. Nani yuko hapa wa kutucheka?"

Nilikwenda. Njia ni fupi, lakini theluji ilikuwa imeziba nyayo zetu, na theluji yenyewe haikuwa ikinyesha.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Nilipanga kuni kwenye jiko kama nilivyofundishwa: nyembamba chini, nene juu, gome jeupe katikati. Gome lile huwaka hata likiwa limelowa. Nikawasha kiberiti. Kikazimika. Nikawasha kingine. Kikazimika. Hapakuwa na upepo.

Vidole vyangu vikaacha kunitii. Niliviona vikishika kijiti, sikuvisikia.

Harufu ya sufu iliyolowa ikaja... Safari hii ilitoka nyuma ya shingo yangu.

"Mnakwenda kwenye joto," ile sauti ilisema. Haikuuliza.

"Ndiyo."

"Wote."

Nje nilimsikia Marlys. Kwa mara ya kwanza jioni ile sauti yake ilipasuka. "Helmi, fungua mlango upesi! Imefika kiunoni! Helmi, imefika kiunoni!"

Ubao wa juu ukalalama, kama mtu anajiandaa kushuka.

"Wote?"

"Si wote," nikasema.

Ubao ukatulia.

"Nani?"

Sikupima kitu. Sikumfikiria hata Tekla, ukweli ni huo. Midomo ilifanya kazi yake tu, kama mtu anayejibu jina lake darasani.

"Mimi. Nabaki mimi."

Gome likashika.

Sikuwa nimewasha kiberiti cha tatu. Moto ulipanda katikati ya kuni, wa manjano, bila moshi, na papo hapo nje Tekla akalia. Alilia kwa ukali, mfululizo, akiita mama. Watu wa huku tunaujua mlio ule. Mguu uliokufa ganzi kwa baridi hauumi, huuma unaporudi. Nilisimama nikamsikiliza binti yangu akiumia, nikajua amerudi.

Kisha nilijaza ndoo, nikatia kata ndani yake, nikatoka kinyumenyume. Sikuchungulia.

Hospitali hawakuona kitu. Daktari alisema labda damu ilikuwa imezubaa baada ya mvuke na theluji, akampa Tekla peremende. Safari ilichelewa kwa siku moja tu. Ndipo nilipowaambia, mezani, kwamba siendi.

"Unamaanisha nini, huendi?" Marlys aliuliza. "Nimepanga miezi mitatu, Reino. Mtoto amepona. Huendi kwa nini?"

"Mgongo," nikasema.

Helmi aliangusha kijiko.

Hakukiokota. Alikuwa akinitazama, na rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Harusi yangu ilikuwa Januari," alisema taratibu. "Unakumbuka Baba alisema nini alipokataa kuja?"

Nilikumbuka. Alisema mgongo. Mwaka mwingine ilikuwa ng'ombe anayekaribia kuzaa. Mwaka mwingine gari. Nilijaribu kukumbuka msimu hata mmoja wa baridi ambao sisi sote tuliondoka nyumbani kwa pamoja, nikiwa mtoto au kijana. Sikuupata.

"Nilimnunia," Helmi alisema. "Nilimnunia mpaka tukamzika."

"Alikuwa anajua?"

"Sijui alijua nini. Alifanya tu."

"Mnaongea nini nyinyi wawili?" Marlys akauliza. Akanikasirikia, na alikuwa na haki. Kesho yake alfajiri Helmi alikaa kwenye kiti changu, akashika usukani, wakaondoka. Tekla alinipungia mkono kupitia kioo cha nyuma mpaka barabara ilipokata kona.

Nilibaki na moto. Asubuhi kuni, jioni kuni, ndoo, kata, mlango. Walinipigia simu kutoka kila mahali kidole kilipokuwa kimepita kwenye ramani. Kisha wakanipigia kutoka bustanini, na nyuma ya sauti ya Tekla nikasikia muziki na watu wakipiga mayowe ya furaha angani.

"Baba, natoka jasho! Januari natoka jasho!"

"Vizuri," nikasema. "Toka jasho, mwanangu. Toka sana."

Walirudi wamebabuka pua kwa jua. Tekla alinirukia shingoni, akanikumbatia, halafu akajiondoa pole pole, akajisugua mikono. Usiku, Marlys alianza kulala na soksi. Nami siku hizi, nikitaka kujua kama chai imepoa, humwomba mtu mwingine aiguse.

Sina maelezo ya kutosha. Nina mfuatano wa mambo, na mfuatano si sababu. Hilo nimewafundisha wanafunzi maisha yangu yote. Damu huweza kuzubaa. Birika huweza kupoa. Mtu huweza kuingiwa na woga akajibu sauti ambayo haikuwapo. Niliwahi kufikiria kuuacha moto uzime jioni moja tu, nipime. Sikuthubutu, kwa sababu kipimo chenyewe ni mtoto.

Msimu huu majani yalipopukutika, Marlys alitandaza ramani tena. Safari hii wanapitia milimani. Hakuniuliza kama nitakwenda, wala sikutegemea aniulize. Anapanga kwa watu watatu: yeye, Helmi, Tekla.

Jana jioni nilikuwa mezani nao. Nje kulikuwa kumeshakuwa giza, na kule nyuma dirisha dogo la sauna lilionesha wekundu wa makaa niliyoyaacha. Tekla sasa ana miaka minane. Hakukipandisha kidole chake juu ya kidole cha mama yake. Alingoja Marlys aende kuchukua kalamu chumbani, kisha akainama sikioni kwangu.

"Baba, nenda wewe," alinong'ona. "Mimi nitabaki."

"Kwa nini ubaki?"

"Ni zamu."

"Nani amekuambia kuna zamu?"

Alilitazama dirisha. Hakuwa na hofu. Laiti angekuwa na hofu.

"Amesema unaanza kuchoka."

Nilimshika mabega. Niliona vidole vyangu vikimkaza; sikusikia kitambaa, sikusikia mifupa yake, sikusikia kama ana joto.

"Sijachoka," nikasema.

Kisha nikasimama, nikaufungua mlango wa nyuma kwenye baridi, nikalisema neno hilo tena kwa sauti kubwa, kuelekea sauna.