Udongo wa Chumba cha Odile

Dieudonnée aling'oa kiota cha nyigu ukutani, akakitia mdomoni, na udongo ule ulikuwa na chumvi, kama machozi. Hakushtuka. Kule kijijini Wamaza wanawake wenye mimba hutafuna udongo wa nyigu, na yeye hamu ilikuwa imemshika vibaya. Kosa lake lilikuwa ukuta. Alikuwa ameingia chumba cha Odile, kilichofungwa tangu Odile afe.

Odile, yule wa pengo katika meno ya mbele, alikuwa muke mukubwa wa Asani. Ndiye aliyempokea Dieudonnée alipokuwa mgeni asiye na pa kulala, akampa mkeka, akampa ugali. Na mgeni akafanya nini? Akamchukua mume, kisha siku moja, mvua ikinyesha, akamtupia mwenye nyumba nguo zake nje: "Toka! Kitanda ni yangu sasa." Odile alifia njiani kwenda Kabambare, mtoto wake tumboni. Na Dieudonnée akalala usingizi wake! Watu wengine wana roho ngumu, jamani.

Mama Anastasie, mkunga, alikuja kumpima mchana ule. Akaweka sikio tumboni, akacheka.

"Mapasa, mutoto wangu! Mioyo mbili inapiga."

Kisha akaona udongo kwenye midomo.

"Umetoa wapi?"

"Kwa Odile."

Kicheko kikamkauka. Akaingia kile chumba, Dieudonnée nyuma yake, akavunja kiota kilichobaki. Akatoka nyigu mdogo wa kijani, anang'aa kama kipande cha chupa, akatua tumboni kwa Dieudonnée, akatulia pale.

"Huyu hajengi," Anastasie alinong'ona. "Anangoja mwenzake ajenge, anaingia, anaacha yai. Mutoto wake anakula mutoto wa mwenye nyumba. Twende kwenye kaburi, umuombe Odile musamaha. Leo hii."

"Mimi? Nimuombe yeye? Aliyekufa amekufa, mama."

Kiburi hicho! Tangu hapo, kila jua lilipofika utosini, nyumba ilinuka udongo uliolowa ingawa mvua haikunyesha, na mlio mwembamba ulipita ukutani, ukashuka kitandani, ukaingia chini ya mbavu zake, na alipoziba masikio ndipo aliusikia zaidi, maana ulikuwa unatoka ndani yake, na pamoja nao kitu kilikuwa kinatafuna, taratibu, bila haraka, kama mtu anayekula cha kwake mwenyewe.

Anastasie aliitwa tena. Alisikiliza sana.

"Moyo iko moja tu," alisema.

"Na ule mwingine? Mama, mwanangu mwingine iko wapi?"

Mkunga akaanza kulia. Ndipo Dieudonnée alipokimbilia kaburini, akajitupa chini, akaomba musamaha mpaka sauti ikamkatika. Alikuwa amechelewa.

Alizaa msichana mnene, mwenye afya, asiyelia. Asani alifurahi mno, akamlaza katikati ya kitanda, akatoka kuwaita jirani. Dieudonnée alimtazama mtoto, na pamoja na hofu yote maziwa yakamshuka, akainama amnyonyeshe.

Mtoto akafungua kinywa. Kilikuwa na meno yote, udongo katikati yake, na mbele palikuwa na pengo.

"Toka," akasema, kwa sauti ya mtu mzima. "Kitanda ni yangu sasa."