Nilimsomea Namba, Sauti ya Mume Wangu Ikafutika

Nina miaka thelathini na minane. Ni mjane, naishi Pasiansi na binti yangu mmoja, Kabula, na nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Wanaonijua sokoni watashangaa kusoma haya, maana wao wananijua kwa mdomo na kucheka. Hawajui ninavyokuwa nikishafunga mlango wangu...

Mume wangu, Magesa, alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani kwetu. Hakuwa na sauti ya ajabu, nisiwadanganye. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Akitunga wimbo, alijirekodi akiimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, ili kila mwanakwaya akajifunzie nyumbani. Besi aliiweza. Sauti ya kwanza, ile ya akina mama, aliiimba kwa kubana koo mpaka mimi jikoni nashika mbavu. Basi hapo hapo katikati ya wimbo utamsikia, "We mwanamke, unaniharibia kazi!" Na hakuyafuta, aliyaacha hivyo hivyo.

Rekodi hizo aliziweka kwenye tovuti ya kwaya, watu wakawa wanazipakua kwenye simu zao.

Ugonjwa ulimchukua nikiwa na mimba ya Kabula. Mtoto hakumwona baba yake! Simu yangu iliyokuwa na sauti zake ilizama ziwani siku napokea magunia kutoka mtumbwini. Kompyuta ya kwaya nayo ilisafishwa ikapewa kazi nyingine, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye tovuti. Kwa hiyo Magesa wangu alibaki huko tu.

Mtaniuliza, kwa nini sikumsikilizisha mtoto mapema? Nilijaribu, wenzangu. Nilifungua wimbo mmoja, nikamsikia anasafisha koo kabla ya kuanza... nikafunga. Sikuweza! Nikamwahidi Kabula kwamba siku ya Komunio ya Kwanza tutakaa wawili, tumsikilize baba mpaka tuchoke. Aliingoja siku hiyo kuliko hata gauni lake jeupe.

Tovuti ilikuwa mikononi mwa Faustine, rafiki wa marehemu, mtu wa kompyuta. Ni mmoja wa waliobeba jeneza. Pale makaburini alinishika mkono akasema, "Shemeji, mimi nipo." Nikamwamini kama ndugu wa tumbo moja. Ila akaunti yenyewe ilikuwa imeandikishwa kwa namba ya simu ya Magesa, na namba hiyo sikuiacha ife. Niliitia vocha, nikaiweka kwenye simu yangu. Mjane ana mambo yake.

Mwaka huu, wakati wa Kwaresima, Faustine alinipigia nikiwa mezani kwangu sokoni. Akasema kampuni inayotuhifadhia tovuti imeleta paneli mpya, yaani ule ukurasa wa ndani anaoingia msimamizi kupanga mafaili. Ya zamani imepanda bei, hii mpya ni nafuu na inabeba tovuti nyingi. Itakuja namba ya uthibitisho kwenye laini ya marehemu, nimsomee.

Meseji ikaingia. Niliisoma yote, msifikiri mimi mbumbumbu. Ilisema kubadili paneli kutayafuta mafaili yote, mteja ahakikishe amepakua nakala yake kwanza. Nikamuuliza, mbona wanasema kila kitu kitafutika?

Alicheka! "Shemeji bwana, hayo ni maneno yao ya kujikinga. Nimeshapakua vyote, viko kwenye flashi. Nisomee, muda wake unaisha."

Mteja mbele yangu alikuwa ananiharakisha nimpimie dagaa. Nikashika kopo mkono mmoja, simu mkono mwingine... nikamsomea.

Wiki ya Komunio nilifungua tovuti ili nijaribu spika niliyoazima. Picha ya kwaya ilikuwepo. Ratiba ya misa ilikuwepo. Pale penye nyimbo palikuwa peupe! Nikafungua tena na tena, nikazima simu nikaiwasha, nikampa jirani ajaribu kwa simu yake. Peupe.

Faustine hakupokea. Nikapanda bodaboda mpaka kwake Buhongwa. Mke wake akasema mumewe amesafiri, na ndala zake ziko pale mlangoni! Nikakaa kizingitini nikasema sitoki. Mwishowe akajitokeza, hanitazami usoni.

Ukweli ukamtoka vipande vipande. Kumbe ndani ya akaunti yetu alikuwa amepachika tovuti za wateja wake, duka la vifaa vya ujenzi, nyumba ya wageni, na wengine sijui wa wapi. Paneli ya zamani ilimbana asiongeze zaidi. Kabla ya kubadili alipakua za wateja wake zote. Ya kwaya alichukua picha na ratiba.

"Na nyimbo?" nikamuuliza.

"Zilikuwa nzito, shemeji. Zinajaza nafasi. Nilijua wanakwaya wanazo."

Nzito! Jeneza la Magesa alilibeba kutoka kanisani hadi makaburini hakusema zito. Leo nyimbo ndizo zimemshinda? Nililia pale uani kwake mpaka majirani wakachungulia.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Binti aliyepokea alikuwa mpole, heri angenifokea. "Shikamoo mama. Pole sana. Hii ni kama kuhama chumba cha kupanga. Ukishatoka, chumba kinasafishwa anaingia mwingine. Hatubaki na kitu." Nikamsihi aangalie tena. Akaangalia, akasema, "Hakuna kitu, mama."

Nikazunguka kwa wanakwaya, nyumba kwa nyumba. Wote walinipokea vizuri, wote waliniambia lile lile, kwamba wimbo wakishaushika wanaufuta, simu zinajaa. Mungu wangu, nilimkosea nani?

Kabula nilimweleza asubuhi ya siku yenyewe, nikimfunga vifungo vya gauni. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa baba alikuwa anaongeaje?" Nikajaribu kumwigiza... nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikaacha.

Kwenye misa kwaya iliimba wimbo wa Magesa. Baadaye Mama Stela, kiongozi wa sauti ya kwanza, akamvuta Kabula pembeni. "Umesikia pale juu kabisa tunapoteleza kidogo? Baba yako hakuifikia ile noti, mwanangu. Alikuwa anateleza, na sisi tumejifunza kwake, basi tunateleza naye hadi leo." Kabula akaomba waimbe tena. Akina mama wakaimba pale pale nje ya kanisa, wengine wanafuta machozi kwa vitenge.

Nilidhani nimepata pa kushika. Lakini kwaya imepata mwalimu mpya, msomi wa muziki, na ameanza kuwarekebisha. Sina cha kumlaumu, anafanya kazi yake. Jumapili iliyopita walifika pale juu wakaipata noti sawasawa, safi kabisa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikainama chini ya benchi kama niliyedondosha kitu.

Ndugu msomaji, kama sauti ya mtu wako iko mahali ambapo mwingine ndiye mwenye ufunguo, nakusihi, usimalize kusoma hapa kabla hujaichukua. Usisomee mtu namba kwa sababu alilia nawe msibani. Wakikuandikia kwamba vitafutika, vitafutika! Na usiogope kusikiliza kama nilivyoogopa mimi. Sikiliza ulie, lakini mtoto asikie.

Jana Kabula alikuwa anaosha vyombo uani, anauimba ule wimbo. Nilisimama nyuma ya mlango nimeshika pumzi. Akapanda, akapanda, akafika pale juu... akateleza. Kwaya nzima imeshaacha, amebaki yeye peke yake.