Upande wa Nyuma wa Taulo

Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, Pinerpi alikaa dirishani na Bibi Praski wakitarizi. Safari hii walitarizi taulo la heshima, kitambaa kirefu cha kumtunuku Mzee Kerkuri, mshairi wa kijiji, aliyekuwa akitimiza miaka sabini. Mashairi yake juu ya shayiri na farasi yalisomwa shuleni. Mwenyewe alifuga nyuki, na aliapa kwamba kipupwe kimoja ndevu zake ziliganda, paka wakazipanda kama ngazi hadi darini.

Macho yalipomchosha, Bibi alimwachia Pinerpi ncha moja ya taulo aimalizie. "Kumbuka, mjukuu wangu, tarizi yetu haina nyuma. Pande zote sura moja."

Lakini wenzake walikuwa wakimwita mtoni. Pinerpi alishona mbiombio. Alipogeuza kitambaa, loo! Mafundo yalijaa kama matumbo ya kuku. Akayafunika kwa bitana, akakimbia kuogelea.

Siku ya sherehe ua wa Mzee ulijaa watu, bia na mikate ya nyama. Jirani yao Lisuk alipaza sauti: "Mzee ataligeuza taulo mbele yetu, ndiyo desturi! Leo tutauona mkono wa Praski!"

Pinerpi alikumbuka mafundo yake. Atakayeaibika ni Bibi! Akamkimbilia Mzee kwenye mizinga.

"Babu, nimeharibu taulo lako. Nimeficha mafundo kwa bitana. Bibi hajui, si kosa lake."

"Mafundo mengi?"

"Mengi, Babu."

Mzee alicheka hadi nyuki wakashtuka. "Afadhali! Hata shairi langu la leo, ubeti wa mwisho nimeuziba kwa maneno matamu tu. Twende kwa Bibi."

Bibi alipapasa bitana. Kisha akasema, "Lete mkasi."

Mzee akawatangazia wageni: "Zawadi yangu bado inashonwa, na shairi langu bado linaandikwa. Rudini Jumapili ijayo!"

"Na bia?" akauliza Lisuk.

"Na bia!"

Ua mzima ulishangilia. Pinerpi alishusha pumzi, akajikuta anacheka na kulia pamoja.

Wiki nzima alifumua na kushona upya. Jumapili Pinerpi aliligeuza taulo mwenyewe mbele ya watu. Lisuk alilichungulia huku na huku, asiambulie hata fundo.

Mzee akamwekea Pinerpi mkono begani. "Kosa ukilifunika, mwanangu, linakungoja mbele za watu. Ukilisema mapema, linatibika kwa mkasi na uzi. Haya, sasa kaeni chini, msikie ubeti wangu wa mwisho."