Lengalenga za Tonton Donat

Kila Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Sephora alishuka ghorofa mbili na kugonga mlango wa Tonton Donat. Mzee huyu hakuwa mjomba wake wa damu. Alikuwa jirani na mtu wa Masisi kama mama yake, na kwa Wakongo wa Bruseli hiyo inatosha. Sephora, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuthubutu kuchelewa. Tonton Donat alikuwa askari zamani, na hakuwa na desturi ya kumsubiri mtu.

"Uko na buti?"

"Niko nazo, tonton."

"Bon. Twende ku prairie."

Prairie ndilo jina walilolipa shamba. Pembezoni mwa Berchem-Sainte-Agathe, nyuma ya nyumba za mwisho, kulikuwa na uwanda wa majani ambapo zamani ng'ombe walilishwa. Sasa ulikuwa umegawanywa vipande vya bustani kwa wakazi wa mtaa. Tonton Donat alipopewa kipande chake, majani yalimfika magotini na ardhi ilikuwa ngumu kama kisigino. Alikilima kwa jembe la mkono, huku akiuburuta ule mguu wake uliojeruhiwa vitani. Wenzake waliokuja na mashine walimcheka kidogo. Baadaye ndio waliokuja kumwomba vitunguu.

Maisha ya mzee huyo Sephora aliyajua vipande vipande. Alishika bunduki akiwa kijana, akapigana vilimani kwao miaka mingi, akaumizwa, akakimbia, akafika Ubelgiji mikono mitupu. Alisafisha sakafu za hospitali mpaka alipostaafu. Habari za vita hakupenda kuzisimulia. Habari za viazi angekusimulia mpaka usinzie.

Mwaka huo furaha yake yote ilikuwa kitalu kimoja cha lengalenga, mchicha wa kwao. Dada yake Bibiane alimtumia mbegu kutoka Masisi, za mboga ileile aliyopanda mama yao. Bibiane mwenyewe alikuwa amekimbia shamba lake, kwa hiyo hapakuwa na mbegu nyingine. Tonton Donat alizipanda zote. Aliazimia mavuno ya kwanza ayapeleke kanisani siku ya malimbuko, kama walivyofanya kwao.

Jumamosi moja alimwacha Sephora kwenye tuta la vitunguu. "Miye naenda kuchota maji. Ungoe majani mubaya yote. Mboga, uiache."

Sephora alipalia vitunguu haraka na vizuri. Alipomaliza aliona, pembeni, kitalu kilichojaa vimea vidogo vyenye mashina mekundu. Shuleni mwalimu alikuwa amewaonyesha mmea wa namna hiyo na kusema ni gugu. Lengalenga Sephora aliila karibu kila wiki, lakini ilikuwa ile ya kununuliwa kwenye maduka ya Wakongo mtaani Matonge, iliyokatwakatwa na kugandishwa ndani ya mfuko. Alikuwa hajawahi kuiona imesimama kwenye udongo. Kuuliza si ujinga, ila siku hiyo binti yetu alijiona bingwa. Aling'oa kitalu kizima, akatupa kila kitu kwenye lundo la majani, kisha akasawazisha udongo kwa viganja. Ukawa safi, wa kupendeza.

Tonton Donat alirudi na ndoo zake. Akasimama.

"Lengalenga yangu iko wapi?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, na udogo huo ndio uliomtisha Sephora. Papo hapo alielewa alichofanya. Aliangalia kitalu, akaangalia uzio, na upande wa pili wa uzio akaona kuku wakiparua.

"Ni kuku, tonton. Kuku ya Madame Lucienne ilikuya."

"Ikakula yote?"

"Yote."

Mkulima yeyote anajua kuwa kuku hasawazishi udongo. Lakini mtu mwenye uchungu haangalii chini. Tonton Donat aliweka ndoo, akaenda moja kwa moja kwenye uzio.

Madame Lucienne alikuwa mama mzee Mbelgiji, mjane, na jirani mwema wa bustani. Kitoroli cha Tonton Donat kilipovunjika, yeye ndiye aliyemwazima chake. Tonton Donat alisema naye kwa Kifaransa, bila salamu. Alimwambia kuku wake wameharibu mbegu za mama yake, kwamba mwaka huu hazipo nyingine, na kwamba atapeleka shauri kwenye mkutano wa wakulima wote ili kuku wakatazwe.

Madame Lucienne aliwatazama kuku wake, kisha akautazama uzio.

"Sikuwaona wakitoka, Donat," alisema. "Lakini wewe si mtu wa kusema uongo. Kama unasema ni wao, ni wao. Jioni mpwa wangu atakuja awachukue."

Akajifuta macho kwa aproni. Tangu mumewe afariki, kuku hao ndio waliomtoa nyumbani kila asubuhi.

Uongo wa Sephora ulikuwa umeaminiwa na watu wazima wawili, na hakuna ambaye angemuuliza tena. Hapo ndipo ulipoanza kumchoma. Aliona aibu, na aliogopa pia, kwa sababu hakujua askari wa zamani akikasirika hufanya nini.

"Si kuku!" alipiga kelele. "Tonton, ni miye! Nilifikiri ni majani mubaya. Pardon, madame. Kuku hawakufanya kitu."

Tonton Donat aligeuka polepole.

"Uliitupa wapi?"

"Kwa lundo, tonton. Chini ya majani."

Mzee alikimbia, hata kwa mguu wake mbovu. Alifukua lundo kwa mikono yote miwili. Miche ilikuwa imelegea, mingine imevunjika, lakini chini, kwenye majani yenye maji, mingi ilikuwa bado na mizizi mibichi. "Maji!" aliita. Madame Lucienne alikuwa tayari anakuja na ndoo.

Walipanda upya wote watatu. Sephora alitoboa mashimo kwa kidole, Tonton Donat akashika mche, Madame Lucienne akamwagia maji. Mwishoni waliifunika kwa shuka kuukuu isichomwe na jua. Tonton Donat alivua kofia na kumwomba Madame Lucienne msamaha. Mama huyo alimwambia msamaha ataupokea ukiwa kwenye sahani, umepikwa, maana amesikia sifa za mboga hiyo tangu majira ya baridi. Wakacheka. Sephora hakuweza kucheka.

Wiki nzima hakulala vizuri. Jumamosi iliyofuata alitangulia kufika kwenye kitalu, na moyo wake ukaruka. Zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imesimama, na katikati yake majani mapya yakichipua. Ilitosha kwa malimbuko, ilitosha kwa mbegu za mwakani.

"Imepona, tonton!"

"Nimeona." Tonton Donat aliketi kwenye ukingo wa kitoroli na kumwita karibu. "Sephora, nikuambie kitu moja ya vita. Kwetu, shamba ya maharagi iliharibika. Kijana moja akasema ni ng'ombe ya bale bantu ba kijiji ya ngambo. Hatukuuliza. Tukaenda na hasira, na bo pia bakakuya na hasira yabo. Njo vile miye nilishika bunduki. Kiisha miaka mingi, ule kijana akaniambia: ni mbuzi yake ilikula ile maharagi. Aliogopa baba yake."

Sephora aliinamisha kichwa.

"Jumamosi yenye ilipita nilisimama mbele ya Lucienne na roho ile ile ya zamani. Na miye nilikosa, sababu sikuangalia hata udongo. Njo weye ulinirudisha. Kungoa bila kuuliza ni kosa, lakini mukono inaweza kuitengeneza. Kusingizia muntu ni kosa kubwa kupita. Ungengoja mpaka kesho, lengalenga ingekufa, na kuku ingekuwa imekwenda. Donc, mutoto yangu, ukikosa, sema mbio, mizizi ikiwa bado mubichi."

"Ndiyo, tonton."

Sephora alishusha pumzi ndefu, na mwili wote ukawa mwepesi. Kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji, ya Tonton Donat na ya Madame Lucienne pia.