Viatu Vilivyokuwa na Mtu

Hii aliniambia Vaileth mwenyewe, Pasaka iliyopita, tukimenya ndizi uani kwake Tabata.

Vaileth ni mwalimu. Ana mume, Wilbert, na binti mdogo, Koku. Mdogo wake Vaileth alikuwa anaolewa, na yeye ndiye matroni. Siku ya kicheni pati, sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi, angemwingiza ukumbini wakicheza. Basi akanunua mtumbani viatu vyekundu, visigino virefu, vyembamba.

Akitoka kazini alijizoeza navyo sebuleni. Ko, ko, ko.

Koku akakimbilia uvunguni mwa kitanda.

"Toka, Koku. Ni mama."

"Siyo mama. Mama hatembeagi hivyo."

Wilbert akacheka. "Mtoto kasema kweli. Mbona unalalia upande? Mie hata ukivaa ndala unanipendeza."

"Wewe hujui mambo ya ukumbini."

Lakini Vaileth naye akaanza kuogopa. Mguu wa kushoto ulimvuta pembeni bila yeye kutaka. Vidole vilikufa ganzi. Akivua viatu na kuviweka mlangoni, vilisimama vimeinama kushoto, kama vimevaliwa. Akaingiza mkono ndani. Akagusa vishimo vya vidole. Cha kidole gumba kilikuwa mahali ambapo gumba lake halikufika.

Akavibeba hadi kwa jirani yake, Bi Rukaiya, aliyefanya kazi miaka mingi kliniki ya mifupa.

"Shikamoo, Bi Rukaiya. Hivi viatu vina mtu."

"Marahaba. Ni kweli, vina mtu."

Vaileth akasisimka mwili.

"Aliyevivaa kabla yako alikanyagia upande," akasema Bi Rukaiya. "Ona kisigino kilivyolika. Soli imeshika umbo la mguu wake. Sasa inaufundisha wako."

"Na ganzi?"

"Kisigino kirefu kinasukuma uzito mbele. Vidole vinabanwa, na mishipa ya fahamu pia. Ukizoea hivyo miaka, vidole vinapinda. Havirudi vyenyewe."

"Lakini vinapendeza."

"Vinapendeza, sikatai. Hata mie nilivaaga. Haya, kanyaga hapa."

Akauchora mguu wa Vaileth kwenye kipande cha boksi. Akaweka kiatu juu ya mchoro. Mguu ulitokeza pande zote mbili.

"Hiyo nyama ya nje utaificha wapi, mwanangu?"

Akampa Vaileth lile boksi.

"Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imejaa. Nenda na boksi hili. Kiatu kifunike mchoro wote. Kisigino kiwe kifupi, kipana. Na ukienda mtumbani, kigeuze kwanza uone kimelika wapi."

Vaileth akapata vya rangi ya dhahabu, vifupi. Vile vyekundu Wilbert alivikata visigino kabla ya kuvitupa, asije mwingine akaviokota.

Siku ya kicheni pati Vaileth alicheza mpaka mwisho. Shangazi zake walikuwa wameshavua, viatu mkononi, wanamtazama.

Aliporudi, Koku alikuwa kitandani, macho amefumba. Hatua zikasikika barazani.

"Nani huyo?" Wilbert akamnong'oneza.

"Mama," akasema Koku, akageukia ukutani, akalala.

Wilbert naye akapitiwa na usingizi. Vaileth akazima taa, akavichezesha vidole kimoja kimoja ndani ya shuka. Vyote vilimwitikia. Akalala.